Somo Yangu Aliingia kwa Jina Langu

Nina miaka thelathini na sita. Mume nilikuwa naye, akanichoka. Mtoto sikujaliwa. Nilichokuwa nacho hapa duniani ni kazi nzuri katika hoteli moja kubwa ya Diani, na baba mzazi aliyekuwa akiniita mama.

Hilo la baba ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa hiyo acheni nilieleze kwanza.

Jina langu ni Mishi. Nimelirithi kwa bibi yangu, aliyemzaa baba. Kwetu Kikoneni mtoto akirithi jina la mkubwa hurithi na heshima yake, na baba hakuwahi hata siku moja kunitaja kwa jina. Tangu nikiwa natambaa, kwake nilikuwa mama. "Mama, umekula?" "Mama, mbona leo umeninunia?" Nilipoolewa alimwambia mume wangu mbele ya wazee kwamba amempa mama yake, na akimchoka amrudishe bila ya kumpiga. Akanichoka kweli, nikarudishwa! Na baba akanipokea mlangoni akicheka, "Karibu nyumbani kwako, mama."

Sasa wenzangu, hebu fikirini. Mtu aliyekuita mama maisha yako yote, siku moja anakutazama machoni na kukuita "wewe"... Utaenda wapi? Utamweleza nani?

Kazi yangu hotelini ilikuwa kutunza kompyuta, na hasa ile hifadhidata ambayo sisi wafanyakazi tuliiita ghala. Mgeni gani amebuku chumba gani, jikoni kumebaki samaki kiasi gani, kadi gani ifungue mlango gani, yote yalikuwa mle ndani. Programu za kila idara ziliingia humo mchana kutwa, kuweka na kuchukua. Mapokezi walikuwa na yao, jikoni yao, bohari yao.

Shida ni kwamba zote ziliingia kwa paswadi moja, na hakuna iliyosema ni nani. Nikitazama kwenye kioo cha kompyuta niliona tu kwamba kuna mtu ndani, na mwingine ndani, na mwingine tena. Mmoja akikwama na kuwazibia wenzake njia, sikujua ni wa jikoni au wa mapokezi. Mnamjua yule mgeni anayebisha hodi, ukiuliza nani, anajibu "mimi"? Mimi nani? Sote si mimi?

Dawa yetu siku hizo ilikuwa ya kibabe. Unamkata mmoja, halafu unakaa kimya usikie nani atalia. Simu ikipigwa kutoka jikoni na mpishi mkuu anatukana kwa kila lugha aliyojifunza kwa watalii, basi unajua umemkata mpishi. Likumbukeni hilo, maana nitalirudia.

Mimi si mtu wa subira, wanaonijua wanajua. Siku moja nilimkata mapokezi nikidhani ni bohari, wageni wamejaa ukumbini na mabegi yao, jasho linawatiririka. Nilikaripiwa mbele za watu hadi machozi yakanilenga. Nikaapa kwamba hayo hayatarudi tena.

Nikapita idara moja baada ya nyingine. Katika mipangilio ya kila programu nikaongeza mstari mmoja tu, kwamba ikiingia ghalani ijitaje. Mapokezi. Jikoni. Bohari. Funguo. Na ile programu yangu mimi, yenye uwezo wa kurekebisha na hata kufuta, nikaiita Mishi. Tangu hapo kila kilichoguswa ghalani kilibaki na jina la aliyekigusa.

Loo, nilisifiwaje! Meneja wetu, Bwana Mutua, mtu wa bara asiyejua kutembea bila kukimbia, alinisimamisha mkutanoni akasema nimewatoa gizani. Watu wakapiga makofi. Nilirudi dawatini nimevimba kichwa.

Lakini kulikuwa na jambo nililolijua na sikulisema kwa sauti. Ghala halimwulizi mtu kitambulisho. Programu ikisema ni Jikoni, ghala linaandika Jikoni, basi. Jina ni lile iliyojitajia yenyewe, na hakuna anayelihakiki. Kilichokuwa kikizuia watu mlangoni ni paswadi, na paswadi yenyewe ilikuwa ile ile moja ya wote.

Nilimdokezea meneja juu juu, naye akaniuliza, "Sasa nani atajiita jina si yake?" Nikacheka naye. Kweli, nani?

Miezi michache baadaye akaajiriwa msichana katika ofisi ya kubuku vyumba. Mwembamba, mweupe wa meno, ana mtoto mchanga aliyemwacha kwa mamake Majoreni. Nikamuuliza jina. Akasema, "Mishi." Nikaruka kutoka kitini. "Somo yangu!"

Wafanyakazi wenzetu wa kutoka bara walishangaa kutuona tumekumbatiana kama tuliopotezana utotoni. Hawakuweza kuelewa. Kwetu mtu wa jina lako si mtu baki. Humwiti kwa jina, mnaitana somo. Akifiwa, umefiwa. Akikosa, umekosa. Akikuomba kitu ukamnyima, umejinyima mwenyewe, na watu watakusema.

Hotelini wakatubandika Mishi Mkubwa na Mishi Mdogo. Tulikula pamoja, tulisukana pamoja. Tulinunua leso ya jozi ya kujitanda tukaikata, upande mmoja wake, mmoja wangu. Nikampeleka na Kikoneni. Baba aliposikia jina lake alicheka hadi akakohoa. "Kumbe Mungu amenipa mama wawili!" Akamchinjia kuku wa kienyeji, yule jogoo aliyekuwa hataki hata kumwuza. Ile siku nikiikumbuka, kuku yule ananipanda rohoni hadi leo.

Na kosa langu? Hili hapa.

Somo yangu alitakiwa na mkubwa wake awe akitoa hesabu za vyumba kila asubuhi. Kwa kazi hiyo alihitaji programu ya kuingia ghalani. Utaratibu ulikuwa programu mpya ipewe jina lake, na makao makuu Nairobi waidhinishe. Waliidhinisha lini mambo kwa wakati? Wiki zikapita. Siku moja akaja dawatini kwangu analia, mkubwa wake amemfokea. "Somo, nifanyie njia... nitafukuzwa na mtoto wangu hata hajaota meno."

Nikaichukua programu yangu nikaiweka katika kompyuta yake. Kama ilivyo. Pamoja na jina langu.

Ningeweza kuubadilisha ule mstari! Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Hata niliandika "Mishi Mdogo", nikautazama, nikaufuta. Nilijiambia kwamba jina jipya likionekana ghalani bila idhini nitaulizwa. Lakini hiyo ilikuwa sababu ya pili tu. Ya kwanza ilikuwa hii... niliona haya kumtenga. Somo yangu ni mimi. Ningeandikaje kwamba yeye ni mwingine? Naye alipoliona jina kwenye kioo alinibusu shavu, akasema sasa tumekuwa mtu mmoja hata kwa kompyuta.

Msimu wa wageni ukaingia. Asubuhi moja ikafika familia kutoka Nairobi, wana bibi yao kwenye kiti cha magurudumu. Mapokezi wakatafuta majina yao, hakuna. Wakatafuta tena. Hakuna! Wamebuku tangu zamani, wana ujumbe kwenye simu zao, lakini ghalani hawamo, na chumba chao kimeshapewa wengine. Wakatoka nje wanasonya, tuktuk zikawachukua.

Tukadhani ni bahati mbaya. Wiki ile ile wakaja wengine. Halafu wengine. Halafu ikaja harusi nzima, bibi harusi na hina yake mikononi, akakaa chini pale mapokezi akalia mbele ya watu. Nilimwona kwa macho yangu. Nilikimbilia ghalani kutafuta hitilafu.

Hapakuwa na hitilafu. Majina yale yalifutwa. Na kando ya kila kilichofutwa palikuwa na jina la aliyefuta.

Mishi. Mishi. Mishi.

Kabla sijameza mate, Bwana Mutua alikuwa ameshaona na yeye. Akaniita ofisini, pamoja na mkuu wa walinzi, mama mmoja mnene aitwaye Mama Ziro. Meneja hakukaa. Akanielekeza kidole kwenye kioo. "Mishi, jina yako iko hapa yote. Si ni wewe ulituambia tukitaka kujua mtu tuangalie jina?"

Ningejibu nini? Kwamba jina lile halithibitishi kitu? Mbona siku ya makofi sikusema?

Nilijua kuna Mishi wawili. Nilijua! Neno lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi. Lakini nikasema tu, "Nipeni muda nitazame," nikatoka nikaenda kwa somo yangu.

Nilimkuta anapanga makaratasi. Nilipomwambia, uso ukamshuka. Akanishika mikono yote miwili, akaapa kwa Mwenyezi Mungu na kwa titi analomnyonyesha mwanawe kwamba hajafuta jina la mtu. Labda ghala lina ugonjwa, akasema. Halafu akaanza kulia. "Somo, ukinitaja watanifukuza kwa kuwa na hiyo programu tu. Na wewe watakufukuza kwa kunipa. Tutakuwa tumekufa wawili kwa kosa lisilo letu."

Nikamwamini... Ningeachaje kumwamini? Kikulacho ki nguoni mwako, tumefundishwa msemo huo tangu utotoni, lakini nani huwa anaikagua nguo yake mwenyewe?

Nikarudi kwa meneja nikasema si mimi. Akauliza ni nani basi. Nikanyamaza. Akauliza tena. Nikatazama sakafu. Na ninyi mnajua mtu anayetazama sakafu huhesabiwaje.

Laptopu yangu ikachukuliwa ikafungiwa ndani ya kabati la meneja. Nikasimamishwa kazi uchunguzi uendelee. Nikasindikizwa hadi langoni baina ya walinzi wawili, na mmoja wao ni jirani yetu wa Kikoneni, mtu aliyekuwa akinisalimu kwa heshima kila asubuhi. Siku ile alitazama mbele tu. Habari zangu zikafika nyumbani kabla yangu.

Na kilichonimaliza ni hiki. Tangu nilipotoka hotelini, hakuna jina lililofutwa tena! Kila mgeni aliyekuja alilikuta jina lake. Mama Ziro alinipigia simu makusudi kunieleza. "Waona? Umeondoka, mambo yametulia."

Baba alikuwa amekaa barazani nilipoingia na begi langu. Nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikangoja neno linalofuata. Miaka yote hiyo lilikuwa likifuata lenyewe. Halikuja. Akageuza uso, akasema, "Wewe, chai iko jikoni."

Wewe!

Nilikwenda jikoni nikaishika ile birika, sikunywa. Nililia nimejiziba mdomo kwa leso ili asisikie.

Aliniuliza mara moja tu, baada ya swala ya alasiri. Ni kweli? Nikasema si mimi, baba. Basi ni nani? Nikanyamaza. Baba akavuta tasbihi yake kidogo, akasema taratibu, "Aliyekuwa na jina hilo hakuwahi kuokota hata nazi iliyoanguka shambani kwa jirani." Akainuka akaingia ndani.

Niliona heri angenipiga. Nilikuwa nikimlinda somo yangu kwa gharama ya jina la mamake baba, na gharama hiyo alikuwa akiilipa mzee wa watu aliye msikitini kila swala, anayesikia minong'ono nyuma ya safu. Lakini ulimi wangu uligoma. Nilijiambia kila siku kwamba ukweli utajitokeza wenyewe. Ukweli una miguu?

Kisha baba akaanguka. Alikuwa akitia udhu, mkono mmoja ukafa na mdomo ukaenda upande. Wakampeleka hospitalini Msambweni. Nilipika uji nikautia kwenye chupa nikajifunga leso nitoke, na kaka yangu Hamisi akanizuia uani. "Daktari amesema asishtuliwe. Wewe usije." Hata Hamisi... wewe. Nilibaki nimesimama na chupa ya uji mkononi hadi gari likapotea.

Siku zilizofuata nilikwenda Ukunda kutafuta kibarua chochote. Nikapanda tuktuk ya kijana mmoja aitwaye Salimu, ambaye zamani alikuwa akinipeleka kazini. Akanipa pole ya dhati, akasema Mungu hamtupi mja wake. Halafu akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba angalau somo yangu amebaki mule ndani na anawafaa sana vijana wa tuktuk.

Nikamuuliza anawafaa vipi.

"Ah, dada! Wakati ule wageni walipokuwa wanakosa vyumba, yeye ndiye aliyekuwa akitupigia simu. Anatuambia tukae langoni, wageni wakitoka tuwapeleke kule Galu, kwenye nyumba mpya za Rashidi. Si yule mchumba wake?"

Nikamuuliza alikuwa akipiga simu saa ngapi, baada ya wageni kukosa vyumba?

"La, kabla. Tulikuwa tukifika langoni, wageni hata hawajateremka garini."

Kabla! Alijuaje kabla?

Nilimwambia asimamishe. Nikashuka, nikainama kando ya barabara, nikatapika hata ile chai ya asubuhi. Rashidi nilimsikia, nilijua kuna mwanamume anayemwahidi ndoa. Sikujua kwamba mahari yake ni mimi.

Nikapanda tena. "Salimu, nipeleke hotelini."

Walinzi walinizuia langoni. Nikapaza sauti kama mwehu, "Nimekuja kusema ukweli wote! Mwiteni meneja!" Wakadhani nimekuja kukiri. Mlango ukafunguliwa mara moja. Watu hupenda sana kumsikia mtu akikiri, sivyo?

Tukakaa watatu ofisini, Bwana Mutua, Mama Ziro na mimi. Meneja akaandaa simu yake anirekodi. Nikamwomba kwanza anionyeshe laptopu yangu. Akakasirika, lakini akafungua kabati. Ilikuwa pale pale, ina vumbi, haina hata chaji. Nikamwambia airudishe, afunge, na ufunguo autie mfukoni.

"Sasa fungua ghala. Nisomee walio ndani wakati huu."

Alishaanza kuchoka nami. Akabonyeza, akasoma kwa sauti ya mtu anayemridhisha mtoto. "Mapokezi. Jikoni. Bohari. Funguo." Akakoma.

Mama Ziro akamuuliza kuna nini.

Meneja akalisoma lililobaki polepole. "Mishi."

Bwana Mutua alitazama kioo, akatazama kabati, akanitazama mimi na mikono yangu mitupu mapajani. Nafikiri hapo ndipo aliponiona kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze. "Kama wewe uko hapa... huyu ni nani?"

"Mkate," nikasema.

"Nimkate?"

"Mkate kama zamani, bosi. Halafu tungoje nani atalia."

Akabonyeza. Lile jina likatoweka.

Tukangoja. Mashine ya baridi ilikuwa ikivuma tu. Mama Ziro alikuwa akizungusha pete yake kidoleni. Wenzangu, nitawaambia kweli tupu, nilikuwa nikiomba simu ile ilie na nikiomba isilie. Kama isingelia, nimekwisha. Na kama ingelia, sina tena somo...

Ikalia.

Meneja akafungulia sauti ili wote tusikie. Ikatoka ile sauti tamu niliyoizoea, "Samahani, bosi. Ni Mishi wa ofisi ya kubuku. Kompyuta yangu imenitoa ghafla, naomba nisaidiwe."

Bwana Mutua alifumba macho. Akamwambia aje.

Akaingia akitabasamu, amejitanda ule upande wa leso yetu, kwa maana ofisi zile zina baridi ya mashine. Akaniona. Tabasamu likabaki mdomoni halina mwenyewe. Nilidhani ataanguka miguuni kwangu, nilidhani ataniomba radhi. Akanyoosha shingo. "Somo, mimi sikukuibia jina. Wewe ulinipa kwa mkono wako."

Nilimrukia! Mama Ziro ndiye aliyenishika kiuno, na ana nguvu yule mama, la sivyo leo ningekuwa naandika kutoka mahali pengine. Lakini nilipokuwa napigapiga miguu hewani, lililonichoma si uongo wake. Alikuwa amesema kweli.

Yakamtoka yote. Alikuwa akifuta majina, Rashidi anapata wageni wa kujaza nyumba zake, na akishazijaza angemwoa na kumfanya bibi wa pale. Aliacha kufuta niliposimamishwa kazi ili lawama inigande vizuri. Lakini hesabu zake za kila asubuhi bado alizitoa kwa programu ile ile, kwa jina lile lile. Alishazoea kuwa mimi, akasahau kwamba mimi sipo. Polisi wakamchukua. Rashidi hakuonekana hata kivuli chake, simu imezimwa.

Na mimi? Msidhani nilirudishiwa kiti changu. Bwana Mutua alinisindikiza mwenyewe hadi langoni, akaniomba msamaha kwa lugha yake ya haraka. Kisha akasema, "Mwizi si wewe. Lakini mlango ni wewe ulifungua." Sikubishana naye. Barua ya kuachishwa ilikuwa halali yangu.

Kutoka pale nikaenda Msambweni moja kwa moja. Sikumsikiliza Hamisi, nilimpita mlangoni kama upepo. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nitaanza na programu, nitaeleza jina, nitamweleza na ile simu. Nitamwapia. Baba alikuwa msikilizaji mzuri ukimweleza kwa mpango.

Nilimkuta amekonda, mdomo umekaa upande. Muuguzi alikuwa akimjaribu akili, anamwuliza yuko wapi na leo ni siku gani, na baba hajibu. Muuguzi akaniona nimesimama, akamwelekeza kwangu. "Mzee, huyu ni nani?"

Baba akanitazama. Akanitazama sana. Midomo ikahangaika.

"Mama."

Muuguzi akamgeukia Hamisi kwa huruma, akasema mzee bado anachanganya watu. Hamisi akaangua kilio. Mimi nilikwishapiga magoti, nimeuweka uso wangu kwenye ule mkono wake uliokufa, nasema "Labeka, labeka, labeka."

Hakuna aliyekuwa amemweleza chochote! Nilimuuliza Hamisi baadaye, akaapa. Yaliyotokea hotelini yalikuwa ya asubuhi ile ile, na sikuwa nimefungua mdomo wangu. Baba alinirudishia jina nikiwa bado mwizi machoni pa Kikoneni nzima. Maneno niliyoyapanga njia nzima sikuyatumia hata moja.

Hakuifikia Ijumaa ya wiki ile. Mungu amrehemu.

Leo natengeneza mifumo ya maduka na vyama vidogo vya hapa Msambweni na Ukunda. Kila programu naipa jina lake na paswadi yake, na naandika pia inatoka kompyuta gani. Mwenye duka akiniomba nilegeze kidogo kwa ajili ya binamu yake, narudisha vifaa mkobani. Wananiita mkaidi. Na waniite.

Somo yangu alinitumia salamu kutoka rumande, anaomba nimsamehe. Sijamsamehe, sitawadanganya kwamba nimesamehe. Upande wangu wa leso ninaufutia vumbi kompyuta.

Wenzangu mnaosoma haya, nawasihi. Mpende ndugu yako, mlishe, mvishe, mlie naye. Lakini usimwache afanye kazi kwa jina lako, awe somo, awe pacha, awe mliyenyonya titi moja. Mwambie ajitaje kwa lake. Akikasirika, mwache akasirike. Na ukijua mlango fulani haufungi vizuri, sema siku ile unayopigiwa makofi, kwa sababu siku ya kulia hakuna atakayekusikiliza. Na ukisingiziwa, usinyamaze kwa kumwonea mtu haya, maana anayekungoja nyumbani anaumia zaidi yako.

Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja nikiwa sina hata mtoto. Kazi nimepata nyingine. Watu wa Kikoneni wameshasikia ukweli, wananisalimu vizuri, na yule jirani mlinzi aliniletea embe. Simu yangu inalia siku nzima, Mishi njoo, Mishi tusaidie. Nikirudi nyumbani jioni napita pale barazani, nasema shikamoo kwa mazoea, kisha nakaa kidogo. Aliyekuwa akiniita mama hayupo.